Namba Aliyoificha Verlin Stroh

“Sijabadilisha kitu mimi!” Alvina alipiga meza mpaka vijiko vikaruka. “Ilikuwa ya baba siku anazikwa, na ni ya baba leo.”

“Basi imejibadilisha yenyewe,” akasema Verlin Stroh bila kuinua uso. “Bata kubadilisha manyoya nimesikia. Bastola, leo ndiyo mara ya kwanza.”

“Unaniita mwizi ndani ya jiko langu?”

“Mimi nimesema namba ya silinda hii ya risasi na ya mwili wake hazilingani. Neno mwizi umelileta wewe, tena umelileta haraka.”

“Ragna, unamsikia huyu?”

Nilimsikia. Nilikuwa nimekaa karibu na jiko la kuni, nafuma soksi, na nilinyamaza. Mimi kunyamaza, watu wa huku kwetu Kolden watawaambia, ni habari ya kuandikwa gazetini. Lakini siku ile nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa imenikaa kooni miaka sitini na moja.

Juu ya taulo jeupe, katikati ya meza, ilikuwa imelala bastola ya risasi sita ya marehemu Halvor Brekke, baba yake Alvina. Mtutu mrefu, mpini wa mbao uliolainishwa na kiganja chake, na rangi ya chuma iliyogeuka kahawia kama chai iliyokaa sana. Halvor aliinunua pamoja na mdogo wake, Nils, siku moja, duka moja, kutoka sanduku moja, wakati wanakuja Montana kuchunga ng’ombe wa watu wengine. Yeye moja, Nils moja. Hata mama yao angeziona asingejua ipi ya nani.

Sasa kwa nini mwanamke wa miaka sabini na miwili apige meza kwa ajili ya chuma kizee? Kisima, jamani. Kisima cha Alvina kilikauka mwezi wa Juni. Tangu hapo alikuwa anachota maji mjini kwa mapipa, maili kumi na nne kwenda na kumi na nne kurudi. Mchimba visima alikuja, akapima, akatikisa kichwa, akasema maji yamekimbilia chini kabisa na kuyafuata ni dola elfu tatu na mia nane. Mwanawe anayekaa jiji la Billings naye akapiga simu: mama, uza ng’ombe, njoo ukae na sisi, tuna chumba ghorofa ya tatu, kizuri, ila mbwa hawaruhusiwi. Alvina akaniuliza, “Ragna, na Grim nimpeleke wapi?” Grim alikuwa chini ya meza, anatuangalia mmoja mmoja kama anayesubiri hukumu.

Kwa hiyo bastola ile ndiyo ilikuwa kisima.

Na saa tisa alasiri ya siku hiyohiyo, binamu yake, Orrin Brekke, mtoto wa Nils, alikuwa aje kuichukua kwa dola mia sita. Alisema kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyetoka kanisani: “Binamu, nataka tu kumbukumbu ya baba mkubwa. Mia sita, na sitauliza maswali.” Orrin huyu hajawahi kununua hata pipi bila kuuliza maswali. Nilipoambiwa hivyo nywele zilinisimama, nikamwambia Alvina: kabla hujampa, mwite Verlin.

Verlin Stroh ndiye mtu asiyeamini kuliko wote kuanzia mpaka wa Kanada mpaka mtoni. Mama yake aliniambia, na kama ni uongo basi ni wake, kwamba siku ya ubatizo mtoto Verlin alifungua jicho moja akayakagua maji kwanza. Siku anamuoa Ione, mchungaji alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, kanisa zima liligeuka kumwangalia bwana harusi. Hadi leo ukimpa mkono anaupokea vizuri tu, halafu anaangalia vidole vyake kama vimerudi vyote.

Lakini msimcheke. Kazi ndiyo ilimfanya hivyo. Miaka thelathini na moja alipima ngano kwenye ghala la relini. Mkulima analeta lori limejaa. Juu ngano kavu, safi, inang’aa kama dhahabu. Chini ameficha ile iliyolowa. Verlin alikuwa na fimbo ndefu ya shaba yenye matundu, anaizamisha mpaka sakafu ya lori, anaitoa, ananusa. Alizijua familia zote za huku kwa harufu ya chini ya malori yao. Wengine alikuwa anakaa nao benchi moja kanisani, wanaimba, na yeye anajua.

Nyumbani hakuwa hivyo. Nyumbani alikuwa na moyo laini kama siagi, mpaka mwaka wa arobaini na tisa. Mwaka huo alikuja mtu kutoka Wyoming, ana kofia nzuri, ana bastola, na ana barua ya kurasa nne. Barua ilisema bastola ilikuwa ya mkuu wa polisi fulani wa zamani, aliyeuawa akiwa anailinda benki, na mjane wake ndiye aliyeandika, na analia huku anaandika. Verlin alimsomea Ione kwa sauti. Ione akalia. Verlin akatoa mitamba miwili yenye mimba, mitamba waliyopewa harusini, akachukua bastola na barua.

Mwezi mmoja baadaye akampelekea fundi bunduki mzee wa Great Falls, ajisifu tu. Mzee akatoa kioo cha kukuzia, akamwonyesha: namba ya kiwandani ilikuwa imesagwa ikapigwa nyingine juu yake. Halafu mzee akainusa barua, akampa Verlin naye ainuse. Kahawa. Karatasi ilikuwa imelowekwa kwenye kahawa ionekane ya kale. Machozi ya mjane yote yalikuwa kahawa.

Verlin aliipigilia ile bastola misumari juu ya mlango wa zizi, ili kila akienda kukamua ng’ombe imcheke. Na tangu siku hiyo hanywi kahawa ya mtu anayeuza kitu. Anakuja na chupa yake ya chai na mkate wake ndani ya kopo, hata ukimpikia kuku mzima. Ndiyo akaanza kwenda kwenye maonyesho ya silaha za kale kila majira ya baridi. Miaka ya mwanzo hakununua wala hakuuza. Alikuwa anaangalia mikono ya watu tu. Mwisho watu wakaanza kumletea zao. Anakutoza dola tano na anakuudhi bure.

Ana taratibu zake. Anatandika taulo jeupe. Anakaa dirisha likiwa nyuma yake, mwanga upite begani. Ukifungua mdomo useme babu alimfyatulia nani, anakuzuia kwa kiganja: “Hadithi iweke pale, karibu na sukari. Kwanza nikisikilize chuma.” Anahakikisha haina risasi, anahakikisha tena, halafu mara ya tatu kwa kidole kidogo. Anavuta nyundo, ule ulimi wa nyuma unaogonga risasi, polepole, sikio likiwa karibu. Bastola za kiwanda kilichounda ya Halvor zinalia mara nne, kama mtu anayepanda ngazi. Anaangalia skrubu kama zina makovu ya bisibisi ya fundi wa kubahatisha. Anaangalia kingo za herufi. Zikiwa zimelegea kama sabuni iliyotumika, amejua kuna mtu aliipiga msasa ing’ae, na msasa mmoja unakula nusu ya bei. Uchafu wa zamani ni mali, anasema. Kutu ya uongo ina haraka, ya kweli imetulia. Mimi nilimwonya Alvina asiiguse hata kwa kitambaa, na ilimuuma, maana Alvina anafuta vumbi mpaka kwenye mayai.

Na namba, ile ya kiwandani inayopigwa mwilini na kwenye silinda vilevile, haitamki. Hilo ndilo kubwa kwake. Anaisoma kwa kioo, anaiandika kwenye kijitabu, anaifunika kwa mkono kama mtoto wa shule anayeogopa kuibiwa majibu. “Ukimtajia muuzaji namba,” anasema, “ghafla kumbukumbu zinaanza kumjia.”

Basi siku ile yote yalienda vizuri mwanzoni. Mtutu, akaguna. Mpini, akaguna. Rangi, akaguna mara mbili, na Ione aliwahi kuniambia kwamba miguno miwili ya mumewe ni kama nderemo. Akavuta nyundo. Moja, mbili, tatu... na ya nne ikachelewa kidogo, kama mguu uliokosa ngazi. Verlin akaacha kuguna. Akairudia. Akatikisa silinda kwa vidole viwili, ikacheza. Akachomoa pini, akaitoa silinda, akaiweka kwenye taulo, akatoa kijiti cha meno akachokoa uchafu mahali padogo, akasoma, akaandika, akafunika. Akaupindua mwili wa bastola, akasoma, akaandika, akafunika. Ndipo aliposema hazilingani, na Alvina akapiga meza.

“Haya, sema bei yake hivyohivyo ilivyo,” Alvina alisema, sauti imeshuka.

“Hivyo ilivyo, mia nane na hamsini. Ukipata mpumbavu, mia tisa.”

“Na ingekuwa na silinda yake?”

Verlin alikigeuza kioo chake mkononi. Hapendi kumtajia mtu kitu asichokuwa nacho. “Elfu nne na mia mbili. Labda zaidi kidogo. Nje ya hapo ni nzima, haijaguswa. Sijaona nzima hivi miaka sita.”

Alvina akakaa. Alikaa kama gunia. Nilimwona akitoa elfu tatu na mia nane kwenye elfu nne na mia mbili, anapata kisima na kinachobaki. Halafu akarudi kwenye mia nane na hamsini, anapata ghorofa ya tatu. Grim akamwekea kidevu juu ya kiatu.

“Marehemu Clyde,” akaanza Verlin, “si alikuwa anauza vipuri vya matrekta?”

“Mume wangu mwache alale.”

“Naulizia tu. Mtu aliyezoea kuchomoa hiki na kuweka kile...”

“Verlin Stroh, Clyde hakuweza kufungua kopo la samaki bila kujikata! Achomoe silinda?”

“Basi nani alikuwa anaingia chumba hiki? Mwanao?”

“Mwanangu anaogopa hata bunduki ya maji.”

“Ragna?”

Wote wawili wakanigeukia. Sindano za kufumia zikagongana.

“Mimi nini?” nikasema.

“Umenyamaza,” akasema Verlin. “Nimekujua toka tuna meno ya utoto, sijawahi kukuona umenyamaza dakika ishirini. Kuna kitu.”

“Koo linaniwasha.”

“Koo lako limewahi kumwambia mchungaji mpya kwamba swala wa huku wakisikia kengele wanakuja kanisani. Akamwandikia mama yake.”

“Walikuja wawili. Walikaa nyuma.”

“Na mtu wa sensa ulimwambia una watoto kumi na tisa.”

“Kumi na saba. Wawili alinisingizia.”

Verlin hakucheka. Aligeuza kijitabu chake kifudifudi, akaweka kiganja juu. “Nitawaambia kinachonisumbua. Mwizi akibadilisha silinda, anaweka yoyote aliyoikuta jalalani. Hii si ya jalalani. Namba hizi mbili ni majirani. Zimetoka kiwandani wiki moja, pengine siku moja. Na silinda imezeeka sawa na mwili, uchafu uleule, mafuta yaleyale. Kitu kinachodanganya vizuri namna hii mimi sikipendi. Kuna mtu amejitahidi sana.”

“Hakuna aliyejitahidi,” nikasema. “Alikuwa na miaka tisa.”

Nikaweka soksi chini, nikawaeleza. Nawaeleza na nyinyi vilevile, neno kwa neno.

Kila mwaka siku ya pili ya Krismasi, Nils na mkewe walikuja kwa Halvor, na sisi majirani tulikuwepo, kwa sababu jiko la Halvor ndilo pekee lililoweza kushindana na upepo wa huku. Upepo wenyewe uliwahi kumchukulia baba yangu kofia, ikarudi baada ya miaka mitatu ina jina la mtu mwingine. Baada ya kula, wale ndugu wawili walitandika gazeti la Kinorwe mezani, hiihii meza, wakafungua bastola zao wazisafishe pamoja. Walifanya hivyo kila mwaka bila kusemezana. Ndiyo ilikuwa njia yao ya kusema wanapendana, nyingine hawakuijua. Halvor upande wa jiko, Nils upande wa dirisha. Mwaka niliokuwa na miaka tisa, vipande walitupa sisi watoto tukaushe kwa vitambaa. Alvina alipewa skrubu kwa sababu alikuwa mkubwa, ana akili. Mimi nilipewa silinda mbili.

Sasa mtoto umpe vitu viwili vya duara, na meza imeinama kidogo, unategemea nini? Nilizishindanisha. Nilizibingirisha nione ipi inafika mbali. Zikafika ukingoni pamoja, zikaanguka pamoja, zikakimbilia chini ya jiko pamoja. Nilijitumbukiza nikazitoa, nywele zikaungua upande mmoja, na niliposimama nilikuwa na silinda mbili mkononi na sijui ipi ni ipi. Wazee walikuwa wanaangalia dirishani, ndama alikuwa ametoka. Kusoma namba nilikuwa sijui, na hata leo namba na mimi hatusalimiani. Nikachagua kwa sura. Hii imenuna, nikasema, itakuwa ya Mzee Halvor. Nikamwekea. Ile nyingine nikamwekea Nils. Walizifunga, zikalia, wakazirudisha kwenye ala, tukala chapati za viazi zenye sukari. Basi.

Nilipomaliza nikawatazama. Alvina amefungua mdomo. Verlin amefunga chake mpaka midomo ikapotea.

“Ulijua?” Alvina akaniuliza. “Miaka yote hii ulijua, Ragna?”

“Nilijua nimezichanganya. Sikujua kwamba inagharimu kisima.”

“Hadithi nzuri,” akasema Verlin. “Ina upepo, ina ndama, ina nywele zilizoungua. Ya yule wa Wyoming ilikuwa na mjane. Iweke karibu na sukari.”

“Verlin, hii ni kweli!”

“Ndiyo sauti uliyotumia kwenye swala.”

Hapo, jamani, nilitaka kulia. Mtu unaishi miaka sabini unapamba kila kitu, unampa kila jirani kicheko, halafu siku moja umebeba ukweli mtupu, haujavaa hata shati, na hakuna anayeufungulia mlango. Nilimwangalia Alvina. Alvina hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaangalia mkono wa Verlin juu ya kijitabu.

“Namba gani umeandika humo?” akauliza.

“Sisemi.”

“Ya kwenye silinda.”

“Hasa hiyo ndiyo sisemi.”

“Vizuri. Usiseme.” Alijivuta mbele, na sauti yake ilikuwa ile anayotumia akimwendea ng’ombe anayepiga teke. “Lango la baba mdogo Nils, lile la malisho ya mtoni. Unalijua?”

“Nalijua. Limefungwa daima. Sijawahi kupewa namba ya kufuli lake.”

“Hukupewa kwa sababu si ndugu. Sisi tumelifungua toka utotoni, kufuli la shaba lisilo na ufunguo, la kupanga namba nne. Ragna halijui, yeye alikuwa anaruka uzio. Siku baba mdogo analifunga nilikuwa nimeshika taa. Baba akamwambia, Nils, utaisahau namba hiyo. Akajibu: mtu hasahau namba ya bastola yake. Akatoa bastola, akaupindua mwili wake, akasoma namba nne za mwisho, akazipanga kwenye kufuli. Kama Ragna hasemi uongo, silinda hiyo ni ya baba mdogo. Na kama ni ya baba mdogo...” Akavuta pumzi. “Tatu. Nane. Moja. Sita.”

Verlin hakusogea. Mkono ulibaki juu ya kijitabu.

“Umechungulia,” akasema.

“Kwa macho haya? Jana nimemwambia Grim, karibu ndani mchungaji.”

“Kwa kioo changu, nilipokuwa namimina chai.”

“Kioo chako hakijatoka mkononi mwako toka umekuja. Unalala nacho, Ione ameniambia.”

Verlin akafikiri. Mngeona jinsi anavyozamisha ile fimbo yake ya shaba, mpaka chini, anatafuta unyevu. Aliangalia dirisha, aliangalia mahali alipokuwa Alvina, aliangalia kiganja chake mwenyewe. Nani alikuwa ameficha namba? Yeye. Tangu lini? Tangu dakika ya kwanza. Kufuli alilofunga lilikuwa lake mwenyewe, na ndani yake tulikuwa tumekuta ukweli wa Ragna, mimi! Akageuza kijitabu polepole, akakisukuma kuelekea kwetu. Mimi niliona mistari tu. Alvina aliinama mpaka pua ikagusa karatasi, akacheka kicheko kifupi kilichokatika kama kikohozi.

“Tatu, nane, moja, sita,” akasoma.

“Na mwili wa bastola unaishia tatu, nane, sifuri, tisa,” akasema Verlin. Ilimtoka kwa shida, kama jino. Mara ya kwanza maishani mwake amemtajia muuzaji namba. “Kwa hiyo silinda yenye sifuri tisa iko ndani ya bastola ya Nils.”

“Na bastola ya Nils anayo Orrin,” nikasema.

Tukatazamana, sote watatu. Saa ya ukutani ilionyesha tisa kasoro dakika kumi.

“Mwezi wa Februari,” Verlin alisema polepole, “maonyesho ya Great Falls, meza ya pembeni karibu na vyoo. Nilimwona Orrin. Alikuwa na kitu kimefungwa kwenye taulo la bluu, na mtu wa meza amekiinamia na kioo. Yule mtu akasema kitu, akatikisa kichwa. Orrin akaenda kusimama peke yake mbele ya mashine ya karanga, akaiangalia robo saa bila kununua karanga. Nikajiuliza, huyu ameambiwa nini?”

“Ameambiwa silinda si yake,” akasema Alvina.

“Ameonyeshwa namba ya silinda. Na yeye kila asubuhi anafungua lango kwa namba ya bastola. Alijua palepale haikuwa ya baba yake, na kwa kuwa zilikuwa majirani, akajua ni ya nani.”

“Mia sita.” Alvina aliitamka polepole. “Kumbukumbu ya baba mkubwa! Anachukua hii kwa mia sita, anazibadilisha jikoni kwake kwa dakika tano, anakuwa na mbili nzima. Elfu nane na zaidi. Na mimi niko ghorofa ya tatu namwandikia kadi ya Krismasi! Na nimempikia chapati za viazi, Ragna. Ziko kwenye kitambaa pale, bado moto.”

“Lakini taratibu,” akasema Verlin. “Bila yako, yake nayo ni mia nane na hamsini. Anakuhitaji sawasawa na unavyomhitaji.”

“Nitampiga na sufuria.”

“Usimpige, usimtajie namba, wala usimtajie Great Falls. Mwache yeye aongee kwanza. Mtu mwenye kitu chini ya lori huongea sana juu ya hali ya hewa.”

Alvina alisimama. Nilidhani anaifuata sufuria kweli. Lakini alikwenda kwenye sanduku la kuni, akachukua gazeti la wiki iliyopita, akaondoa taulo la Verlin bila kumwomba ruhusa, na Verlin, sijui kwa nini, akainua viwiko kumpisha. Akalitandika gazeti meza nzima, akalinyoosha kwa viganja. Akaleta vitambaa viwili. Vibakuli viwili vidogo vya mafuta. Miswaki miwili ya zamani. Akaiweka bastola ya baba yake upande wa jiko, imefunguliwa, silinda pembeni. Upande wa dirisha akauacha mtupu, kitambaa kimekunjwa, bakuli limejaa, kama mtu ametoka kumwangalia ndama na atarudi.

Halafu akamimina kahawa vikombe vitatu. Kimoja akakisukuma mbele ya Verlin. Verlin alikiangalia. Akakiinua, akakinusa, akakinusa tena, akanywa.

“Ina chumvi,” akasema.

“Maji ya mapipa,” akasema Alvina. “Sasa nisikilize. Nataka silinda ya baba, na ile ya baba mdogo arudishiwe. Hapahapa mezani, na wewe Verlin unasoma namba kwa sauti wote tusikie. Zaidi ya hapo sitaki kitu chake. Lakini akisema hana habari? Akisema ameiacha nyumbani?”

“Orrin hawezi kuja kuchukua nusu ya pili bila kubeba ya kwanza. Angetaka kuijaribu humohumo ndani ya gari. Mkija kuangalia mfuko wake wa kulia wa koti...”

Grim akabweka. Gari lilikuwa limesimama uani, hatukulisikia kwa sababu ya upepo. Mlango wa jikoni ukafunguliwa bila hodi, kama ndugu wanavyofungua.

“Binamu! Upepo leo, we acha! Hali ya hewa ya mwaka huu mimi sijapata—”

Orrin Brekke alisimama kizingitini, bahasha nyeupe mkononi, koti limelemea upande wa kulia. Macho yake yalimpitia Verlin, yakapita kwangu, yakashuka mezani. Gazeti. Vitambaa viwili. Vibakuli viwili. Bastola ya baba mkubwa upande wa jiko, na upande wa dirisha, alipokuwa anakaa baba yake, nafasi tupu.

Orrin akavua kofia, na bahasha akairudisha mfukoni.